Magurudumu Yapimwe, Yasikisiwe

Mtu anayeifuata kwa nyuma gari ya abiria au ya mizigo, iwe katika njia ya Mkoani au ya Nungwi, hachelewi kuona jambo ambalo limekwisha kuwa la kawaida mno hata halimshangazi tena mtu yeyote. Gari inakwenda mbele, lakini bodi lake limekaa upande, na magurudumu ya nyuma hayafuati njia iliyopitwa na ya mbele. Mwendo wake ni wa kaa avukaye ufuo. Dereva naye ameushika usukani ukiwa umepinda kidogo ili gari iende moja kwa moja. Siku gari hiyo inapofikishwa gereji kwa sababu matairi yake yamelika upande mmoja, fundi huchutama mbele yake, akafumba jicho moja, akatazama, akageuza nati mara mbili tatu, kisha akasema kwamba sasa iko sawa. Mwenye gari hulipa akaenda zake, na baada ya miezi michache hununua matairi mengine.

Gazeti hili linaona kwamba wakati umefika wa kuuacha utaratibu huo. Magurudumu ya gari zetu yapimwe kwa ala za kupimia, na Serikali iwe ya mwanzo kuonesha njia.

Jambo lenyewe linaonekana dogo, na pengine wapo wasomaji watakaouliza kwa nini tahariri itumie nafasi yake kuzungumzia nati na spana hali ya kuwa nchi ina mambo makubwa zaidi. Jawabu letu ni hili. Visiwa vyetu havichimbi mafuta wala havitengenezi tairi hata moja. Kila lita ya petroli inayoungua na kila tairi linalosagika limekuja kwa meli, na limelipiwa kwa fedha za kigeni. Tena gari ndogo, ijapokuwa ina uzito wa tani nzima na zaidi, huishika ardhi kwa vipande vinne vya mpira ambavyo kila kimoja hakizidi sana kiganja cha mkono. Juu ya viganja hivyo ndipo wanapokaa watoto wetu wendao skuli, wagonjwa wanaopelekwa Mnazi Mmoja, na wafanyakazi wanaorudi nyumbani usiku. Viganja hivyo vikikaa kombo, hasara huanza mfukoni na huweza kuishia mtaroni.

Yafaa kwanza tueleze kwa lugha nyepesi ni kitu gani kinachopimwa. Magurudumu hayafungwi tu yakaachwa yazunguke. Kila moja hukaa kwa pembe zilizochaguliwa na walioiunda gari, na zilizo kubwa ni tatu. Ya kwanza ni mwelekeo, ambao katika gereji huitwa tou. Mtu akisimama akaitazama miguu yake, vidole vyaweza kuelekea mbele sawasawa, au kuelekeana ndani, au kuachana nje. Magurudumu ya mbele nayo ni vivyo hivyo. Ya pili ni mlalo, yaani kemba. Gurudumu likitazamwa kwa mbele, huweza kuwa limesimama wima kama mlingoti, au kichwa chake kimelalia ndani au nje. Ya tatu ni mwegemeo, yaani kasta. Hii ni vigumu kuiona katika gari, lakini kila aliyepanda baiskeli ameionja: uma wa mbele wa baiskeli haukusimama wima, bali juu yake umeegemea nyuma, na kwa sababu hiyo gurudumu hutaka lenyewe kurudi kati baada ya kupindwa. Gari ambayo mwegemeo wake umepungua usukani wake huelea, na ambayo mwegemeo wa kulia haulingani na wa kushoto huvuta upande.

Zaidi ya pembe hizo kuna jambo ambalo mafundi wengi hulisahau, nalo ni kwamba magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoisukumia gari njia yake. Mhimili wa nyuma ukiwa umesogea, hata kwa kugonga ukingo wa barabara mara moja tu, huko mbele patengenezwe vizuri namna gani gari itaendelea kwenda upande. Kwa hivyo kuyapima magurudumu mawili ya mbele peke yake ni nusu ya kazi.

Sasa tufanye hesabu ndogo ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuihakikisha. Rimu ya inchi 15 ina milimita 381 kutoka ukingo hadi ukingo. Tuseme kwamba katika magurudumu yote mawili ya mbele ukingo wa mbele wa rimu umeingia ndani kwa milimita 3 kuliko ukingo wa nyuma. Kosa hilo ni chini ya nusu digrii, na hakuna jicho la binadamu litakaloliona katika gurudumu lililopakaa tope. Lakini 3 kwa 381 maana yake ni kwamba kwa kila mita moja ambayo gari inakwenda, tairi husukumwa upande kwa karibu milimita 8. Kwa kilomita moja ni karibu mita 8. Kwa safari ya kilomita 50 ni karibu mita 400, ambayo ni duru nzima ya kiwanja cha riadha. Mwenye gari anayeshangaa kwa nini matairi yake hayadumu, na kwa nini petroli yake inakwisha upesi, na azingatie kwamba kila siku anayaburuta matairi hayo kwa ubavu, yakiwa yamebeba uzito wote wa gari na watu waliomo.

Wanaolijua jambo hili kuliko watu wote ni wale wanaoshindana kwa magari, kwa sababu kwao hasara ya nusu digrii haingoji miezi bali huonekana kwenye kona ya kwanza. Kabla ya mashindano gari yao huwekwa juu ya sakafu iliyosawazishwa, matairi yakapimwa upepo, na katika kiti akakaa dereva mwenyewe au ukawekwa mzigo wa uzito wake, ndipo magurudumu yakapimwa. Springi ikibadilishwa, hupima tena. Gari ikigusa ukuta, hupima tena.

Wala watu hao hawatafuti kipimo kimoja cha dunia nzima. Katika kiwanja cha Indianapolis huko Marekani, ambako mashindano ya maili 500 yalianza mwaka 1911, kona zote nne ni za kushoto. Mafundi wa huko huyalaza magurudumu ya kulia kwa ndani na ya kushoto kwa nje, hata yote yakaegemea upande mmoja, kwa kuwa gari ile haitakuwa na haja ya kupinda kulia katika mbio zake. Mlalo kama huo katika gari ya abiria ya hapa kwetu ungekuwa wazimu. Funzo tunalolipata ni kwamba kipimo kilicho sahihi hulingana na gari yenyewe, kazi yake na barabara yake, na kwamba hakuna awezaye kukifikia kwa kukisia.

Mfano mwengine uko karibu nasi zaidi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika njia za vumbi, mawe na matope ambazo zilivunja gari nyingi kabla ya kufika mwisho. Mwaka 1965 mashindano hayo yalishindwa na Joginder Singh, aliyekuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva mashuhuri, naye aliendesha Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mwaka 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mashindano hayo yalitoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, na yalirejeshwa mwaka 2021, Naivasha ikiwa kitovu chake. Ushindi wa 1965 una maana khasa kwetu sisi ambao gari zetu nyingi huja zikiwa zimekwisha kutumika: gari ya zamani iliyo mikononi mwa mtu anayeijua na kuitunza inaweza kuishinda mpya.

Ala ambayo leo imeifanya kazi hii kuwa nyepesi na ya uhakika ni mwanga wa leza. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwezi wa Mei 1960. Mwanga wake hautawanyiki kama wa tochi. Huenda kwa mstari mwembamba ulionyooka. Fundi hufunga chombo kwenye rimu, mwanga ukatoka ukaangukia juu ya ubao wenye namba uliowekwa mbele au upande wa pili wa gari. Faida yake imo katika umbali, kwani pembe isiyoonekana kwenye gurudumu hukua kila mwanga unapokwenda mbali. Digrii moja ina dakika 60, na kwa umbali wa mita tatu na nusu dakika moja tu ya pembe huisogeza nukta ya mwanga kwa milimita moja. Kosa lile la mfano wetu, ambalo ni dakika 27, lingeisogeza nukta hiyo kwa karibu sentimita 3, na kila aliyesimama pale, fundi na mwenye gari, angeliona waziwazi. Zipo pia mashine kubwa zaidi zinazotumia kamera na vioo vya kurudisha mwanga, ambazo huyasoma magurudumu yote manne kwa pamoja.

Lakini mtu asije akatoa hoja kwamba bila ya leza hakuna kipimo. Kabla ya mwanga huo kupatikana, na mpaka leo katika timu nyingi za mashindano, mafundi hutandaza uzi kila upande wa gari, sambamba na mstari wake wa kati, kisha wakapima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma wa kila rimu. Uzi na rula havihitaji umeme, wala havihitaji fedha za kigeni. Na elimu ya mstari ulionyooka si ngeni katika visiwa hivi. Fundi wa jahazi hawezi kuulaza mkuku kwa kukisia akategemea chombo kitakwenda sawa baharini. Mwashi hainui ukuta bila ya timazi, na seremala hafungi mlango bila ya pima maji. Fundi wa magari ni ndugu wa mafundi hao, na hatuoni sababu ya yeye peke yake kuachiwa afumbe jicho moja na kusema iko sawa.

Pamoja na hayo, ni wajibu wetu kusema kwamba chombo hakichukui nafasi ya fundi. Gari haipimwi ikiwa juu ya mchanga au penye mteremko. Haipimwi kabla ya kukaguliwa upepo wa matairi, wala kabla ya kutikiswa bushi na boli jointi kuona kama zimechakaa, kwa sababu pembe iliyowekwa juu ya kiungo kilicholegea itapotea kwenye tuta la kwanza. Rimu nayo huweza kuwa imepinda, kwa hivyo fundi mwangalifu hulizungusha gurudumu nusu duru akapima mara ya pili, akachukua wastani. Hapa kwetu kuna na adui mwengine, naye ni hewa ya chumvi. Nati za tairodi hushikwa na kutu hata zikakataa kugeuka, na fundi asiye na subira huzipiga nyundo au huziacha kama zilivyo. Nati hizo zikisafishwa na kutiwa grisi kila gari inapohudumiwa, kazi ya kupima itakuwa ya muda mfupi.

Tuje sasa kwenye jambo linalowahusu moja kwa moja waheshimiwa wakuu wetu. Gari nyingi zinazotembea Unguja na Pemba ziliwahi kutumika katika nchi nyengine, na Japani ndiko zilikotoka nyingi. Huko Japani gari ndogo ya mtu binafsi hukaguliwa kwa mujibu wa sheria ikitimiza miaka mitatu tangu kuwa mpya, na baadaye kila miaka miwili. Miongoni mwa vipimo vya ukaguzi huo gari hupitishwa juu ya bamba linaloonesha jinsi magurudumu yanavyosukumwa upande, na mpaka unaokubaliwa ni milimita 5 kwa kila mita moja. Gari ya mfano wetu, ambayo ilisukumwa karibu milimita 8, ingerudishwa gereji. Maana yake ni kwamba gari hizi tunazozipanda ziliwahi kuwa na mtu wa kuzipima kwa milimita. Zilivuka bahari, zikashushwa bandarini, na tangu siku hiyo baadhi yao hazikuona tena kipimo chochote isipokuwa jicho.

Tunazijua hoja zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba barabara zetu zina mashimo na matuta, na kwa hivyo kupima ni kazi bure kwani gari itaharibika tena. Hoja hii imegeuzwa kichwa chini. Penye barabara nzuri gari huweza kukaa muda mrefu bila ya kupimwa. Penye mashimo ndipo inapohitaji kupimwa mara kwa mara. Hakuna nahodha anayeacha kuziba nyufa za chombo kwa kuwa bahari ina mawimbi. Hata hivyo, hoja hiyo isiwaondolee dhamana wanaohusika na matengenezo ya barabara. Shimo linaloachwa tangu masika moja hadi masika nyengine hulipiwa na mwananchi kwa tairi, kwa springi na kwa boli jointi, na malipo hayo hayaandikwi katika hesabu yoyote ya Serikali.

Hoja ya pili ni gharama. Ni kweli kwamba mashine kubwa si kitu cha fundi wa kawaida anayefanya kazi chini ya mwembe. Lakini tumekwisha kueleza kwamba uzi na rula vinatosha kuanzia, na vyombo vidogo vya leza vinaweza kununuliwa kwa pamoja na mafundi wa mtaa mmoja kwa njia ya ushirika. Mwenye gari naye afanye hesabu yake mwenyewe: aweke upande mmoja malipo ya kupimiwa, na upande wa pili bei ya matairi mawili yaliyotupwa yakiwa yamebakiwa na nusu ya mpira wao.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, kwamba mafundi wetu hawakusoma. Hili hatulikubali. Kijana anayeweza kuiteremsha injini na kuirudisha kwa ufunguo mbili tatu hashindwi kusoma digrii na dakika. Alichokikosa ni mtu wa kumfundisha na chombo cha kujifunzia, na hivyo viwili vimo katika uwezo wa Serikali.

Kwa hivyo tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa heshima na kwa msisitizo.

Kwanza, Serikali ianze na gari zake yenyewe. Hakuna gari ya wizara, ya shirika au ya hospitali itakayofungwa matairi mapya kabla ya magurudumu yake kupimwa, na vipimo viandikwe katika daftari la gari hiyo, vile vilivyokutwa na vile vilivyoachwa. Mkuu wa karakana atakayeulizwa sababu ya kuomba matairi mapya aweze kufungua daftari na kuonesha. Utaratibu huu haungoji sheria mpya wala bajeti mpya, na kwa mwaka mmoja tu utaonesha kwa hesabu kama tunayoyasema ni kweli.

Pili, ukaguzi wa gari za abiria na mizigo uhusishe kipimo cha magurudumu. Ukaguzi wowote unaoishia kwenye taa, honi na rangi umeiangalia sura ya gari na kuisahau miguu yake. Bamba la kupima msukumo wa upande ni chombo ambacho gari huvuka kwa sekunde chache, na hakitawachelewesha watu. Taasisi ya Viwango ya Zanzibar ishirikiane na wizara inayohusika na usafiri pamoja na polisi wa usalama barabarani kuweka mpaka unaofaa kwa gari na barabara zetu.

Tatu, Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ivipatie vituo vyake vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji vyombo vya kupimia na walimu wanaovijua, na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia isaidie kuwafundisha walimu hao. Tunataja Vitongoji makusudi, kwa sababu mara nyingi kitu kipya hushushwa Unguja kikabaki hapo, na ndugu zetu wa Pemba wakaambiwa wasubiri. Gari ya Wete haiwezi kupakiwa katika meli kuja kupimwa mjini.

Nne, vyombo vya kupimia vitazamwe kwa jicho la huruma katika ushuru. Ala inayookoa matairi na petroli inailipa nchi kila siku, na si vyema itozwe bandarini kama bidhaa ya anasa.

Pamoja na mapendekezo hayo tuna onyo moja, nalo ndilo tunalolihofia zaidi. Tumekwisha kuona mara nyingi jambo zuri likianzishwa kwa ajili ya usalama wa watu, kisha likageuka kuwa dirisha jengine la kulipia ada. Mwananchi hupeleka gari, hulipa, hupewa karatasi yenye muhuri, na hakuna aliyegusa gurudumu. Ikiwa kupima magurudumu nako kutakuwa hivyo, ni afadhali kusianzishwe kabisa, maana gari mbovu yenye cheti ni hatari kuliko gari mbovu isiyokuwa nacho: wa kwanza hupandwa kwa imani. Dawa yake ni rahisi. Karatasi itakayotolewa isiwe na neno "imepita" peke yake. Iandikwe namba: pembe ya kila gurudumu kabla ya kurekebishwa, pembe baada ya kurekebishwa, na kipimo cha kiwanda kwa gari ya aina hiyo. Namba hizo tatu zikiwa pamoja, mwenye gari ataweza kuhakikisha mwenyewe, na fundi mwengine ataweza kupima tena siku hiyo hiyo akaona kama ni za kweli. Ni vigumu kudanganya kwa namba ambazo mtu wa pili anaweza kuzirudia kwa uzi na rula.

Kwa wenye gari na madereva tuna neno fupi. Wasingoje ukaguzi. Usukani unaokaa upande wakati gari inakwenda mbele, gari inayovuta ukiulegeza mkono, tairi linalolika ukingo mmoja, au lenye meno ukilipapasa kwa kiganja kutoka nje kwenda ndani, zote hizo ni dalili ambazo gari inazitoa kwa lugha yake. Gari iliyogonga ukingo au kutumbukia shimoni, na gari iliyobadilishwa tairodi au boli jointi, ipimwe kabla ya kurudi kazini. Dereva wa gari ya abiria akumbuke kwamba mvua inaponyesha, tairi lililolika upande mmoja limekwisha kupoteza mifereji ya kutolea maji upande huo, na breki nzuri haziwezi kumsaidia ikiwa mpira hauishiki lami.

Kwa mafundi tunasema: heshima ya kazi yenu imo katika kipimo chenu. Mteja aliyeoneshwa namba kabla na baada hatabishana juu ya malipo, na atarudi. Atakayeanza na uzi leo atakuwa tayari kwa leza itakapofika kesho, kwa kuwa atakuwa amekwisha kujua anachokitafuta.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021. Hatudai kwamba magurudumu yaliyopinda ndiyo yaliyowaua. Mwendo wa kasi, ulevi na uzembe vina sehemu kubwa zaidi. Tunachosema ni kwamba miongoni mwa sababu nyingi ambazo binadamu hana uwezo wa kuzimaliza kwa siku moja, hii ni moja inayoweza kuondolewa na fundi mmoja, kwa saa moja, katika sakafu iliyo sawa. Wenye mamlaka wameshapata pa kuanzia, napo ni katika karakana zao wenyewe. Tunangojea kuona daftari la kwanza.